Gesi Haijaisha, Friji ya Kambi Imekosa Mwenyewe

Gari la safari likirudi Arusha kutoka Serengeti, kila kitu kina mtu wa kukiulizia. Dereva anaulizwa mafuta na kilomita. Fundi anaingia chini kutazama kama kuna springi iliyokatika. Mahema yanahesabiwa, vigingi vinahesabiwa, hata vijiko vinahesabiwa, na mpishi akipungukiwa na sufuria atajieleza. Kisha gari na tela lake vinapelekwa kuoshwa mpaka matairi yanang'aa. Katika pilikapilika zote hizo kuna kifaa kimoja ambacho hakuna anayekigusa. Friji imefungwa kifuniko, ndani mna maji ya damu ya kuku yaliyotuama pembeni, kipande cha ndimu na pakiti ya maziwa iliyobaki nusu. Itafunguliwa siku ya kupakia safari nyingine, na hapo harufu ndiyo itakayotoa taarifa.

Nimeishi karibu na biashara hii vya kutosha kusema jambo moja bila woga. Friji nyingi za kambi hazifi kwa uzee, wala kwa ile sababu ambayo mafundi wetu huitaja kabla hawajashika bisibisi. Zinakufa kwa vumbi, kwa waya mwembamba, na kwa uchafu uliofungiwa ndani. Nyuma ya hayo matatu kuna moja kubwa zaidi: hakuna mtu ambaye jina lake limeandikwa mahali popote kwamba friji hii ni jukumu lake. Dawa ya ugonjwa huo haihitaji kuagizwa ng'ambo. Iko kwenye zahanati zetu za vijijini, na imekuwapo kwa miaka mingi.

Tuanze na fundi. Friji ikiacha kupoza, atainamisha sikio, ataigusa kwa kiganja, kisha atatoa hukumu: "Bosi, gesi imeisha hapa. Tujaze tu." Mwenye gari analipa, friji inapoza wiki tatu, halafu hadithi inaanza upya. Lakini gesi ya friji haichomwi wala hailiwi. Kompresa inaibana mpaka inapata moto, inapita kwenye kondensa na kuacha joto lake nje, inageuka kimiminika, inapenya kwenye mrija mwembamba, kisha inachemka upande wa ndani na kuvuta joto la nyama na maziwa yako. Baada ya hapo inarudi kwenye kompresa, ile ile, katika mzunguko uliochomelewa kiwandani. Kiasi kilichowekwa siku ya kwanza kinatakiwa kiwemo siku ya mwisho. Kama kimepungua, kuna tundu, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia wiki tatu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi ni fundi.

Kuna madhara mengine pia. Friji ndogo za volti 12 zina gesi kidogo sana, ambayo mara nyingi haifiki gramu 100, na kiwanda huipima kwa mizani. Fundi anayejaza kwa kukisia akizidisha kidogo tu, kompresa inaelemewa na friji inapoza vibaya kuliko mwanzo. Kisha fikiria kinachokwenda hewani. Friji nyingi za aina hii zinatumia R134a, gesi ambayo gramu yake moja hupasha joto dunia takribani mara 1,430 kuliko gramu moja ya kaboni dayoksaidi. Ni kwa sababu ya gesi za jamii hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Friji mpya zinahamia kwenye isobutani, ambayo haina dhambi hiyo lakini inawaka moto, kwa hiyo fundi wa kukisia na kiberiti chake ni hatari zaidi kuliko jana.

Basi kama gesi haijaisha, kimeharibika nini? Kwanza tazama mahali friji ilipokaa. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje. Ukiizuia kulitupa, umeizuia kufanya kazi. Ndani ya tela imebanwa kati ya magodoro na gunia la mkaa, turubai limeangukia matundu yake ya hewa, na juu ya yote hayo kuna vumbi. Anayeijua barabara ya kutoka geti la Naabi kwenda Ndutu wakati wa kiangazi analijua vumbi hilo. Ni laini, lina majivu ya volkano, linapenya hata zipu ya begi. Amboseli nako, upepo ukipiga lile ziwa kavu, gari linabadilika rangi. Vumbi likijaa kwenye mapezi ya kondensa, joto linakosa njia. Kompresa ambayo ingepumzika baada ya dakika kumi inazunguka saa nzima, betri inakwisha, na asubuhi mpishi anamwambia dereva, "Kaka, mtindi umeharibika."

Tiba ya hapo haizidi robo saa. Chomoa umeme, fungua kifuniko cha upande wa kompresa, piga brashi laini kufuata mapezi yalivyosimama, kisha puliza. Fundi pancha ana kompresa ya upepo. Mwambie apunguze nguvu na asimame mbali, maana mapezi hayo yanapinda kama karatasi. Angalia kama feni inazunguka. Wakati wa kupanga mzigo, acha nafasi ya kiganja kila upande wenye matundu, na nafasi hiyo isikopwe na mtu mwenye begi. Na kijana wa kuosha magari akatazwe kabisa kuelekeza mashine ya presha kwenye friji. Nimeona friji nzima zikifa kwa maji ya kuoshea tela, halafu ikasemwa barabara ni mbaya.

Jambo la pili ni waya, na hapa hesabu inasema yenyewe. Friji ya kambi inapofanya kazi huvuta kama ampea 5 hivi. Betri iko mbele kwenye injini, friji iko nyuma kwenye tela, tuseme mita 6 kwenda na mita 6 kurudi. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ambao fundi umeme wa nyumba anao kwenye begi lake, unapoteza kama volti 0.7 njiani. Ukitumia wa milimita za mraba 6, unapoteza chini ya volti 0.2. Tofauti ya nusu volti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba betri iliyojaa ina volti 12.7 na iliyofika nusu ina karibu 12. Friji hizi zina ulinzi unaozizima volti zikishuka, ili gari liwake asubuhi. Kwa waya mwembamba friji inadhani betri imekufa ilhali bado ina nguvu, inajizima, inasubiri, inawaka, inajizima tena. Dereva anaona taa inakonyeza na anasema ni gesi. Plagi ya kiberiti cha gari nayo ni ya kuchajia simu. Mitikisiko ya changarawe huilegeza, ikilegea inapata moto, na ikipata moto inayeyuka. Funga waya mnene, weka fyuzi karibu na betri, tumia plagi inayojifunga, na umemaliza nusu ya kesi zote.

Wapo pia wenye matela ya aina nyingine, hasa wasafiri wanaoteremka na magari yao kutoka Ulaya au kupanda kutoka Afrika Kusini, ambao friji zao hutumia moto wa gesi ya kupikia. Hiyo ni mashine ya ajabu, isiyo na hata kipande kimoja kinachozunguka. Ilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na moto mdogo ndio unaosukuma amonia, maji na hidrojeni ndani ya mabomba. Inachodai ni kusimama sawasawa. Ukiliegesha tela kwenye mteremko, kimiminika hakirudi kinapotakiwa, sehemu ya kuchemshia inaungua, na ukifanya hivyo mara nyingi mabomba yanaziba moja kwa moja. Weka pimamaji sakafuni kabla ya kuwasha. Safisha masizi kwenye bomba la moshi, toa utando wa buibui kwenye kichomeo, na uhakikishe mwali ni wa bluu. Mwali wa njano na bomba lililoziba huzaa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala kwenye tela hilo hilo. Ukinusa amonia au ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, zima. Mfumo huo umetoboka.

Sasa tuingie ndani, kwenye usafi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo uzembe unapomfikia mgeni mezani. Shirika la Afya Duniani linatoa maelekezo mepesi ambayo kila mpishi anaweza kuyakariri: chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na vyakula vinavyoharibika vikae chini ya nyuzi 5. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinazaana kwa raha. Lakini wengi wanaamini kwamba baridi inaua. Baridi inachelewesha tu, na kuna kijidudu kinachoitwa listeria ambacho hata kikicheleweshwa kinaendelea kukua humo humo ndani ya friji. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipatwa na mlipuko wa ugonjwa wake, chanzo kikiwa nyama ya kusindikwa inayoliwa bila kupikwa tena. Watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walikufa. Friji chafu yenye baridi nzuri bado ni friji chafu.

Usafi wenyewe si wa gharama. Toa kila kitu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, ukipita kwenye pembe za chini ambako damu ya nyama hujificha, na kwenye kitundu cha kutolea maji kama kipo. Kisha pitisha soda ya kuokea, vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji, ambayo huua harufu bila kuacha harufu nyingine. Isifananishwe na magadi ya kuchemshia maharage, ambayo ni makali zaidi na yanaweza kuchubua alumini. Kama nyama imeozea ndani, tumia maji ya klorini yaliyozimuliwa kisha suuza sana, na kamwe usichanganye klorini na siki, maana mvuke wake unachoma mapafu. Mpira wa kifuniko usuguliwe kwa mswaki laini kwenye mikunjo yake, kwa sababu ukungu mweusi unaanzia hapo. Baadaye funga kifuniko juu ya noti ya shilingi elfu moja na uivute. Ikitoka bila ubishi, baridi nayo inatoka bila ubishi.

Kisha jambo ambalo karibu kila mtu hukosea: kukausha na kuacha wazi. Friji iliyozimwa na kufungwa ikiwa na unyevu ni kitalu cha kuvu. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kifuniko ili kisishikane, na iachwe hivyo mpaka safari nyingine. Na barafu ikiganda kwenye kuta, iyeyushwe kwa subira. Kila kambi ina mtu mwenye haraka anayeibandua kwa kisu. Nyuma ya ukuta ule mwembamba kuna mirija, na kisu kikishautoboa, hapo ndipo gesi itakapokuwa imeisha kweli.

Upakiaji nao ni sehemu ya usafi. Friji ipoozwe usiku mzima kwa umeme wa nyumbani kabla ya safari, na vitu viingie vikiwa tayari vya baridi. Nyama mbichi ikae chini kabisa, ndani ya vyombo vyenye vifuniko, mboga za saladi zikae juu yake. Wanaogandisha maji ili kuisaidia friji watumie chupa za kutumiwa tena na tena, hasa wanaovuka kwenda Kenya, ambako tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi ndani ya hifadhi. Na maji ya kuoshea friji yasimwagwe kambini. Nyani, tumbili na fisi huvutwa na harufu hiyo, na mnyama aliyezoea harufu ya chakula mahali pa mahema ni tatizo ambalo utamwachia mgeni wa kesho.

Hayo yote yanajulikana. Wapishi wetu wa safari ni watu hodari. Wanaoka keki kwenye makaa ya moto na kuhudumia meza ya wageni kumi katika baridi ya ukingo wa Ngorongoro, kwenye urefu wa mita zaidi ya 2,000. Haiwezekani kwamba watu wa namna hiyo wameshindwa na kitambaa na maji ya vuguvugu. Wameshindwa kwa sababu nyingine. Safari inaingia Arusha jioni, nyingine inatoka alfajiri, na hakuna saa iliyolipwa kwa ajili ya friji. Mpishi anaamini friji ni sehemu ya gari, kwa hiyo ni ya dereva. Dereva anaamini friji ni sehemu ya jiko, kwa hiyo ni ya mpishi. Bosi anaamini ameajiri watu wawili kwa kazi hiyo.

Zahanati ilishatatua hili. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa kupanua chanjo mwaka 1974, lilikuta sehemu kubwa ya vijiji vyetu haina umeme. Chanjo zilihifadhiwa kwenye friji za mafuta ya taa, ndugu wa zile za von Platen na Munters, zenye utambi wa kukatwa na bomba la masizi la kusafishwa. Kilichoziweka hai hakikuwa fundi. Ilikuwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, muuguzi mwenye jina, na kipimajoto. Asubuhi anasoma, anaandika. Jioni anasoma, anaandika. Kati ya nyuzi 2 na 8 ni salama, nje ya hapo anatoa taarifa. Soda na mboga za mfanyakazi marufuku kuingia humo. Mpaka leo, friji zikiwa za umeme wa jua, karatasi ile bado ipo.

Ninachodai kwa wenye kampuni za safari ni karatasi hiyo. Jina moja kwa kila friji. Kipimajoto ndani, joto linaandikwa asubuhi na jioni, safu nyingine kwa tarehe ya kuoshwa, nyingine kwa tarehe ya kupulizwa vumbi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hatukuambiwa kwamba friji imesamehewa. Faida ya kwanza ni kwamba fundi akija na hukumu yake ya gesi, utakuwa na jambo la kumwonyesha: joto lilipanda siku tuliyopita kwenye vumbi, likashuka tulipopuliza. Anayebishana akiwa na karatasi mkononi anabishana akiwa amekaa vizuri zaidi.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza, karatasi zinadanganywa. Mtu anaweza kuandika nyuzi 4 mara kumi kwa kalamu ile ile akiwa amekaa baani. Kweli, na hata zahanati zimewahi kuyaona hayo. Vipo vipimajoto vya bei ya kawaida vinavyohifadhi joto la juu na la chini kabisa lililofikiwa, na havina rafiki. La pili, wafanyakazi wamechoka. Kweli zaidi, hasa Julai hadi Septemba wageni wanapomiminika. Kwa hiyo wenye jina kwenye karatasi walipwe nusu siku kati ya safari na safari, iandikwe kwenye bajeti kama mafuta yanavyoandikwa. Kumkabidhi mtu jukumu bila kumpa saa ya kulifanya ni kumwandalia lawama tu.

La tatu ndilo ninaloliheshimu: kwamba boksi la barafu lilitosha zamani na linatosha leo. Kwa safari ya usiku mmoja au miwili, nakubali. Boksi halina waya, halina feni, na mwenye nalo anajua wazi kwamba barafu ikiyeyuka mchezo umekwisha, jambo linalomfanya awe mwangalifu. Friji hatari ni ile inayomtuliza mtu kwa mlio wake huku ndani mna nyuzi 14. Basi mwenye kampuni asiyetaka kulipa nusu siku hiyo, arudi kwenye boksi la barafu, awaambie wageni wake hivyo tangu mwanzo, na apange chakula cha viazi, maharage, mayai na matunda ya soko la Kilombero pale Arusha. Hiyo ni safari halali, na wengi wataifurahia. Isiyo halali ni kuweka friji kwenye tangazo, kulipwa kwa ajili yake, kisha kuwalisha watu kutoka ndani ya kitu ambacho hakuna hata mmoja kazini kwako aliyekifungua tangu safari iliyopita.